Kupima kwanza au kuacha ngano kwanza? Njia nne za kutafuta jibu la seliaki

Mtu ambaye tumbo limemsumbua kwa miezi, au ambaye upungufu wa damu haumwishi hata baada ya kumeza vidonge vya madini ya chuma, husikia siku moja habari za seliaki na papo hapo hujikuta njia panda. Wapo wanaomwambia aende akapime. Wapo wanaomwambia aache ngano tu, akipata nafuu atakuwa ameshajua anaumwa nini. Ushauri wote wawili hutolewa kwa nia njema, lakini lipi litangulie ni jambo zito kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu vipimo vya kawaida vya seliaki huona madhara ambayo gluteni iliyomo katika ngano inayaleta wakati huo huo. Gluteni ikishaondoka kwenye chakula, utumbo huanza kupona, kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kipimo huzitafuta, hupungua katika damu, na kipimo ambacho kingetoa jibu wazi huweza kusema kwamba mtu ni mzima wakati si mzima.

Seliaki ni ugonjwa ambao mfumo wa kinga wa mwili huushambulia utumbo mwembamba kila mwenye ugonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ukuta wa ndani wa utumbo huo una vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza virutubisho. Seliaki isipotibiwa, vinyweleo hivyo hufupika na hatimaye hulala kabisa. Ndiyo maana dalili zake hutawanyika mwili mzima: kuharisha au kufunga choo, tumbo kujaa gesi, vidonda vya mdomoni vinavyorudi rudi, uchovu, upungufu wa damu, mifupa dhaifu, mtoto kudumaa, mimba kutoshika au kuharibika. Takriban mtu 1 kati ya 100 duniani anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajui. Tiba iliyopo ni moja, nayo ni kuacha gluteni maisha yote. Kwa kuwa tiba ni ya maisha yote, ni haki ya mgonjwa kujua kwa yakini kama anaihitaji.

Vigezo vya kupimia kila njia

Nitazitazama njia nne kwa maswali yale yale. Kwanza, jibu linalopatikana lina uhakika kiasi gani? Pili, njia hiyo inaupa mwili mzigo gani? Tatu, inachukua muda gani, na inamtaka mtu awe anakula nini katika muda huo? Nne, jibu likishapatikana linamfungulia mtu nini: ufuatiliaji wa daktari, kupimwa kwa ndugu, na nguvu ya moyo ya kushika mlo mgumu? Swali hili la nne husahaulika sana, ingawa ndilo mgonjwa anaishi nalo miaka kumi baadaye.

Njia ya kwanza: damu, kisha kinyama cha utumbo, ukiwa bado unakula gluteni

*Uhakika wa jibu.* Hii ndiyo njia ambayo madaktari wengi bado wanaitegemea kwa watu wazima. Huanza na kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za aina ya IgA dhidi ya transglutaminasi ya tishu, kimeng'enya ambacho watafiti wa Berlin walikitambua mwaka 1997 kuwa ndicho kinacholengwa na kinga katika ugonjwa huu. Pamoja nacho hupimwa kiwango cha IgA yote iliyomo mwilini, na hapa mgonjwa asione haya kuuliza kama kipimo hicho kimeandikwa kwenye karatasi yake. Watu 2 au 3 kati ya 100 wenye seliaki hawatengenezi IgA ya kutosha, hivyo kipimo cha kawaida huonyesha hawana kitu ilhali wanaumwa. Hao wanahitaji kupimwa kingamwili za aina ya IgG.

Damu ikionyesha dalili za seliaki, hufuata endoskopia, kipimo ambacho wengi wanakiita kipimo cha kamera. Mtu huja akiwa hajala kwa saa kadhaa. Hunyunyiziwa dawa ya ganzi kooni au huchomwa sindano ya kumsinziisha, hulazwa ubavu wa kushoto, hung'ata kipete cha plastiki kinachozuia meno yasiume mrija, kisha mrija wenye kamera nchani, unene wake kama kidole, hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Huko koleo ndogo hubana na kuchukua vinyama vyenye ukubwa wa kichwa cha pini. Uchukuaji wenyewe hauumi. Kinachosumbua ni kichefuchefu, hewa inayojaa tumboni na hofu ya mrija. Miongozo ya kitabibu inataka vinyama visivyopungua vinne kutoka sehemu ya pili ya duodeni, yaani huo mwanzo wa utumbo mwembamba, na kimoja au viwili kutoka sehemu yake ya kwanza, kwa kuwa madhara hukaa kwa viraka na koleo linaweza kuangukia mahali pazima. Kwa maoni yangu swali la kuuliza kabla ya kulala kitandani ni hili: "Daktari, utachukua vinyama vingapi?" Kimoja au viwili ni vichache mno kwa safari ya namna hiyo.

Vinyama hutazamwa chini ya hadubini na kupangwa kwa ngazi za Marsh, zilizoandikwa mwaka 1992. Ngazi za chini, ambapo chembe nyeupe za kinga zimeongezeka lakini vinyweleo bado vimesimama, huweza pia kuletwa na bakteria wa Helicobacter pylori, vimelea vya giadia au dawa za kutuliza maumivu. Hata kulala kwa vinyweleo kuna visababishi vingine, ikiwemo dawa ya shinikizo la damu iitwayo olmesatani. Kinyama, basi, husomwa pamoja na damu. Viwili hivyo vikikubaliana, uhakika wake ni mkubwa.

*Mzigo kwa mwili.* Sindano moja ya damu, saa chache za njaa, na dakika chache za mrija. Kuvuja damu au kutoboka kwa utumbo hutokea kwa nadra sana.

*Muda.* Hapa ndipo subira inapohitajika. Mwongozo wa Uingereza unamtaka mtu ale gluteni katika mlo zaidi ya mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupima, na aendelee hivyo hivyo hadi kinyama kichukuliwe. Watu wengi hukosea katikati: damu ikishatoa dalili hufurahi kwamba wamejua, wakaacha mkate siku hiyo hiyo, huku kamera imepangwa miezi miwili mbele.

*Kinachofuata.* Mgonjwa hubaki na picha ya utumbo wake ulivyokuwa siku ya kwanza, ambayo daktari ataifananisha na hali ya baadaye iwapo nafuu itachelewa. Huingia katika utaratibu wa kupimwa damu baada ya miezi 6, baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Kuangaliwa chuma, folati, vitamini B12 na vitamini D. Na mara nyingi kupimwa uzito wa mifupa.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima ambaye bado anakula ngano, hasa mwenye umri uliosogea au mwenye dalili zinazoweza kutokana na ugonjwa mwingine, maana kamera huona na mengine.

Njia ya pili: damu pekee, bila kinyama

*Uhakika wa jibu.* Kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi, uwezekano wa utumbo kuwa umedhurika ni mkubwa sana hata kabla ya kuutazama. Chama cha Ulaya cha madaktari wa watoto wa mfumo wa chakula, kijulikanacho kwa kifupi ESPGHAN, kilifungua mlango huu mwaka 2012 na kuupanua mwaka 2020: mtoto mwenye kingamwili za transglutaminasi zinazofikia mara 10 ya kikomo cha juu cha kawaida, ambaye sampuli yake ya pili ya damu imeonyesha pia kingamwili za endomisia, aina nyingine ya kingamwili za seliaki, anaweza kuthibitishwa bila kamera, wazazi na daktari wakikubaliana. Sampuli ya pili ina maana kubwa, kwa sababu inaondoa hofu kwamba chupa zilibadilishana au maabara ilikosea. Kwa watu wazima nchi zinatofautiana. Wakati wa Uviko-19, mwaka 2020, madaktari wa Uingereza walianza kuiruhusu njia hii kwa walio chini ya miaka 55 wasio na dalili za hatari, ilhali kwingine kinyama bado ndicho sharti.

*Mzigo kwa mwili.* Sindano mbili za damu, basi. Kwa mtoto mdogo ambaye endoskopia ingemlazimu alazwe usingizi kamili, tofauti hiyo ni kubwa.

*Muda.* Jibu huja upesi, lakini sharti la kula gluteni ni lile lile. Mtoto aliyepunguziwa mkate na mzazi mwenye wasiwasi anaweza kushuka chini ya mara 10, akaangukia kwenye kamera ambayo angeiepuka.

*Kinachofuata.* Ufuatiliaji ni sawa na wa njia ya kwanza, isipokuwa hakuna picha ya mwanzo ya utumbo. Kwa mtoto kasoro hiyo ni ndogo, kwa kuwa utumbo wa watoto hupona vizuri na mapema. Kwa mtu mzima, ambaye utumbo wake unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kurudi sawa, daktari anaweza kuja kujutia kutokuwa na kitu cha kulinganishia.

*Inamfaa nani.* Watoto wenye kingamwili za juu sana, na baadhi ya watu wazima wenye umri mdogo ambao mwongozo wa nchi yao unawaruhusu. Haimfai mwenye kingamwili zilizoongezeka kidogo tu, wala mtu mzima anayepungua uzito bila sababu, anayepata shida kumeza au anayepata choo cheusi.

Nigusie hapa kundi dogo ambalo lina njia yake. Wapo wanaopata vipele na malengelenge yanayowasha mno viwikoni, magotini na matakoni, huku tumbo likiwa limetulia. Huo ni uso wa ngozi wa seliaki. Kwao kinyama huchukuliwa kwenye ngozi iliyo pembeni ya lengelenge, na kikionyesha IgA iliyojikusanya chini ya ngozi ya juu, kamera ya tumboni kwa kawaida haihitajiki tena.

Njia ya tatu: kuacha gluteni na kuona kama utapata nafuu

Njia hii ina asili yenye heshima, na haistahili kudharauliwa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo chanzo. Wakati wa njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto wenye seliaki aliokuwa akiwatibu hawakuzidiwa. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Katika tasnifu yake ya mwaka 1950 alieleza jinsi alivyowapa watoto nafaka tofauti na kufuatilia uzito na choo chao kwa muda mrefu. Lakini watoto wale walikuwa tayari wanajulikana kuwa ni wagonjwa, walilishwa chini ya uangalizi, na kila kitu kilipimwa. Mtu aliye nyumbani hana mizani hiyo.

*Uhakika wa jibu.* Ni mdogo, kwa pande zote mbili. Nafuu haithibitishi seliaki, kwa kuwa ngano ina pia fruktani, aina ya wanga inayochachuka tumboni na kuwajaza gesi watu wenye utumbo mwepesi kusumbuka. Hao hupata nafuu wakiacha ngano ingawa utumbo wao ni mzima. Anayeacha mkate mara nyingi huacha pia keki, biskuti na vyakula vingi vya kiwandani, na huenda hivyo ndivyo vilivyokuwa vinamuumiza. Kukosa nafuu nako hakukanushi seliaki. Utumbo uliodhurika huweza kushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa, hivyo mtu akaacha ngano, akaendelea na maziwa, akaharisha vile vile, akahitimisha kwamba gluteni haina kosa.

*Mzigo kwa mwili.* Kwa siku za mwanzo hakuna sindano wala mrija, na mtu mwenye maumivu hupumzika mapema. Huo ni wema wa kweli. Mzigo wake huja baadaye na kwa kificho: upungufu wa damu uliotokana na kidonda au uvimbe wa tumboni unaweza kuendelea miezi mingi huku mwenyewe akiamini kwamba ameshapata tiba.

*Muda.* Huanza leo. Ila kila wiki inayopita inafifisha uwezo wa kupima baadaye.

*Kinachofuata.* Hakuna ufuatiliaji uliopangwa, hakuna anayekumbuka kupima mifupa, na ndugu hawana sababu rasmi ya kupimwa. Zaidi ya hapo, asiye na uthibitisho hulegeza masharti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zilitosha kudhuru utumbo wa wenye seliaki. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu 2 za gluteni au zaidi, kwa hiyo tunazungumzia chini ya sehemu moja ya arobaini ya kipande: makombo yaliyobaki kwenye kisu. Ni vigumu kwa mtu kuyaogopa makombo hayo maisha yake yote kwa kuwa tu aliwahi kujisikia vizuri wiki mbili.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye seliaki imeshakanushwa kwa vipimo akiwa anakula gluteni, na ambaye pamoja na daktari au mtaalamu wa lishe anatafuta chakula kinachomsumbua. Kwake njia hii ni halali kabisa. Inaweza pia kumfaa mtu aliye mahali ambapo vipimo havifikiki kwa namna yoyote na afya yake inazorota, mradi damu yake itolewe na kuhifadhiwa au kupimwa kabla hajaanza, ikiwa hilo tu linawezekana.

Njia ya nne: kwa aliyekwisha acha, jeni na kurudi kwenye gluteni

*Uhakika wa jibu.* Hapa kuna vipimo viwili vyenye tabia tofauti. Kipimo cha jeni hutafuta HLA-DQ2 na HLA-DQ8, na hakijali mtu anakula nini, kwa kuwa jeni hazibadiliki. Karibu kila mwenye seliaki ana mojawapo ya jeni hizo. Asiye nazo anaweza kuliweka kando wazo la seliaki kwa uhakika mkubwa sana. Aliye nazo, hata hivyo, hajathibitishwa chochote: katika jamii nyingi watu 3 au 4 kati ya 10 wanazo, na walio wengi hawataugua kamwe. Kwa hiyo kipimo hiki kinajua kusema hapana, hakijui kusema ndiyo. Ndiyo yake inahitaji jaribio la kurudi kwenye gluteni, kisha damu na kinyama kama ilivyo katika njia ya kwanza.

*Mzigo kwa mwili.* Jeni ni usufi wa shavuni au damu kidogo. Kurudi kwenye gluteni ndiko kunakotisha, kwa sababu aliyeacha muda mrefu huweza kupata maumivu, kutapika au kuharisha ndani ya siku moja. Madaktari hushauri jaribio hili lisifanywe kwa watoto walio chini ya miaka 5 wala kwa wanaobalehe, ambao mwili wao uko kwenye kasi ya kukua, na kwa kawaida huahirishwa kwa mjamzito.

*Muda.* Zamani watu walitakiwa kula gluteni nyingi kwa wiki 6 hadi 8. Utafiti wa mwaka 2013 ulileta ahueni: gramu 3 kwa siku, takriban kipande kimoja na nusu cha mkate, kwa wiki 2 zilitosha kuonyesha madhara kwa watu wazima wengi wenye seliaki. Anayevumilia huombwa aendelee hadi wiki 8 ili jibu lisiwe na shaka, na kingamwili zipate muda wa kupanda.

*Kinachofuata.* Akithibitishwa, hupata yote ya njia ya kwanza. Jeni zikimkanusha, hupata uhuru wa kurudi kwenye mlo wa kawaida, na kwa aliyejinyima miaka mingi bila sababu hilo ni jambo kubwa.

*Inamfaa nani.* Aliyeacha gluteni kwa miezi au miaka na bado ana swali moyoni. Kama hataki kabisa kurudi kula ngano kwa kuwa anaumia mno, anaweza kukubaliana na daktari wake kuishi kama mwenye seliaki, kwa ukali ule ule na ufuatiliaji ule ule. Naliona kuwa chaguo lenye hekima, ikiwa tu jeni zimepimwa kwanza.

Baada ya jibu: jiko moja lisilo na gluteni, au jiko la pamoja?

Aliyethibitishwa hukutana na uamuzi wa pili, nao unagusa watu wote wa nyumbani. Je, nyumba nzima iache gluteni, au mgonjwa awe na sehemu yake?

Kwa usalama, jiko moja lisilo na gluteni halina mfano. Hakuna wa kusahau, hakuna chombo cha kuchanganya, na mtoto mwenye seliaki hufungua kabati lolote bila kuuliza. Gharama yake ni kwamba watu wazima wasio wagonjwa wanaacha mkate wao, na chakula mbadala cha viwandani huwa ghali kuliko cha ngano. Nyumba inayopika zaidi vyakula ambavyo kwa asili havina gluteni, kama mchele, mahindi, mtama, ulezi, viazi, mihogo, maharage, mayai, samaki, nyama, mboga na matunda, haiuhisi sana mzigo huu. Nyumba inayotegemea mikate na biskuti maalumu huuhisi, na lishe yake inaweza kupungua, kwa kuwa bidhaa hizo mara nyingi zina nyuzinyuzi chache, na unga wake kwa kawaida hauongezewi chuma na asidi ya foliki kama unga wa ngano unavyoongezewa katika nchi nyingi.

Jiko la pamoja linawezekana, na wengi wanaishi nalo salama, lakini linataka nidhamu ya vitu vidogo. Fikiria mkebe wa siagi mezani: mtu anapaka mkate wake, kisu kinarudi ndani na chembe tatu, na kesho mgonjwa anapaka siagi hiyo hiyo kwenye mkate wake safi. Hapo lebo ya mkate wake haimsaidii tena. Jiko la namna hii lahitaji siagi na jamu zake mwenyewe, tosta yake, chujio lake, kibao chake cha kukatia na miiko yake, kwa sababu mbao na nyavu hushika unga hata baada ya kuoshwa. Chakula chake kipikwe kwanza. Unga mkavu wa ngano usipepetwe hewani karibu na sufuria yake. Bakuli za chuma na sahani za udongo zikioshwa vizuri kwa sabuni hazina tatizo, na wala hakuna haja ya kuwa na seti ya pili ya kila kitu.

Katika majiko yote mawili lebo husomwa kwa namna moja. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni ikiwa gluteni yake haizidi miligramu 20 kwa kilo. Maneno "bila ngano" hayatoshi, kwani shayiri huingia kwa jina la kimea katika vinywaji na nafaka za asubuhi, na sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. Oti halisi huvumiliwa na wengi wenye seliaki, ila zile za kawaida huchanganyika na ngano shambani na kiwandani, na wachache hudhurika hata na zile safi. Ni vyema kuzianza kwa ushauri wa daktari, hali ikishatulia.

Jambo moja linaunganisha uamuzi wa jiko na njia za kupima, nalo husahaulika. Wazazi, watoto na ndugu wa damu wa mwenye seliaki wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo, takriban 1 kati ya 10. Nyumba ikiacha gluteni yote kabla hawajapimwa, wote wanasukumwa kwenye njia ya nne. Wapimwe damu kwanza, kisha makabati yasafishwe.

Kulingana na hali yako

Kama bado unakula ngano na una shaka, endelea kuila hadi vipimo viishe, hata kama inakuchosha. Omba kingamwili za transglutaminasi pamoja na IgA yote, ukubaliane na daktari kama kinyama kinahitajika. Kama maumivu hayavumiliki, mwombe aiwahishe tarehe ya kamera badala ya wewe kupunguza mkate kimya kimya.

Kama mgonjwa ni mtoto wako na kingamwili zake ziko juu sana, muulize daktari wa watoto kuhusu sampuli ya pili na kingamwili za endomisia kabla ya kukubali kamera. Zikiwa zimeongezeka kidogo tu, kamera ndiyo itakayomlinda asifungwe na mlo wa maisha yote bila sababu.

Kama umeacha juzi tu, kingamwili zako huenda bado zipo. Nenda ukapime mapema na umweleze daktari tarehe uliyoacha. Kama umeacha miaka mingi, anza na jeni.

Kama ni mjamzito na uliacha gluteni bila kupimwa, kipimo cha jeni kinaweza kufanywa sasa, na jaribio la kula ngano likasubiri. Chuma, folati na vitamini D vifuatiliwe kwa karibu wakati huu wote.

Kama una kisukari aina ya kwanza, ugonjwa wa kinga wa tezi ya shingo au jamaa wa karibu mwenye seliaki, pima damu hata kama tumbo halikusumbui.

Na kama ulipimwa vizuri ukiwa unakula gluteni, vipimo vikawa safi, lakini ukiacha ngano unajisikia vizuri zaidi, unaweza kuipunguza kwa kadiri mwili wako unavyotaka, bila tosta ya pekee wala hofu ya makombo. Ukija kupata upungufu wa damu usioeleweka, kupungua uzito au kuharisha kusikokoma, rudi ukapimwe upya, kwa sababu seliaki inaweza kuanza katika umri wowote, hata kwa mtu ambaye kipimo chake cha zamani kilikuwa safi.